Timu Yetu Imefungwa Kumi na Saba

Nchi ninayoieleza hapa si ya kwenu. Ya kwenu nasikia mambo yake yamenyooka, na redio yake mtu anaweza kuizima. Hii ya kwetu iko mbali kidogo: ukishalipita joto unakwenda mbele mpaka ukute joto jingine, ndipo hapo. Jina lake sitalitaja, maana limebadilishwa mara nyingi na sina hakika kama hili la sasa bado linatumika wiki hii.

Kwetu barafu ilikuwa ya aina tatu. Kulikuwa na barafu ya samaki pale sokoni, iliyopondwa na kunuka. Kulikuwa na barafu ya chumba cha maiti, ambayo hatukuizungumzia. Na kulikuwa na barafu zangu mimi, za ukwaju na za ubuyu, nilizozigandisha kwenye vifuko vya nailoni na kuziuza dirishani, watoto wakang'ata pembe ya kifuko na kunyonya mpaka ulimi ukabadilika rangi. Hizo ndizo barafu tulizozijua, na hatukuwa na ugomvi nazo.

Kisha Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alikwenda nchi za baridi kutibiwa goti. Huko hospitalini, mguu umening'inizwa juu, alitazama televisheni akaona watu wazima waliovaa kama magodoro wakikimbizana juu ya barafu, wakigombea kisahani cheusi kwa magongo. Hilo halikumshangaza, alishaona mabaraza ya mawaziri. Kilichomshangaza kilikuja baada ya mchezo, nacho kilikuwa jedwali. Nchi zimepangwa mistari, wanaume huku, wanawake kule: waliocheza, walioshinda, waliofunga, waliofungwa, dakika za adhabu. Mheshimiwa alilisoma juu mpaka chini. Akaomba miwani, akalisoma chini mpaka juu.

"Sisi tuko wapi?" akauliza.

Daktari wa goti, maskini, hakuwa na taarifa zozote kuhusu tabia yake. Akamjibu, "Hampo."

Mheshimiwa alirudi na goti likiwa bado limefungwa bandeji. Pale pale uwanja wa ndege, kwenye kiti cha magurudumu, akahutubia: "Ndugu wananchi, nimegundua hujuma. Dunia nzima imeandikwa, sisi tumeachwa. Kuanzia leo, tumo!"

Basi tukawa tumo.

*

Ukumbi wa Barafu ulijengwa mtaani kwetu, Mtaa wa Birika, pale palipokuwa na zahanati. Ili barafu ile isiyeyuke ilibidi umeme wote wa mji uingie mle ndani na usitoke. Friji langu likazima. Nikalipangusa, nikapanga sahani ndani, likawa kabati.

Vifaa vililetwa kwa meli. Kwenye karatasi za mzigo mtu aliandika "Gongo, makasha mia mbili", na polisi wa bandari wakaukamata mzigo wote wakidhani ni ile pombe haramu ya jina hilo. Waliyafungua makasha kwa furaha na kuyafunga kwa huzuni.

Mambo yote hayo yalisimamiwa na Waziri wa Michezo ya Baridi, Dokta Mwinyigogo, ambaye udaktari wake ulikuwa wa mambo kwa ujumla. Aliamuru wachezaji wawe watu wenye uzoefu wa barafu. Kwa wanaume wakachukuliwa wapakuzi wa samaki, na golikipa akawa Bwana Chiduo wa chumba cha maiti, mtu mpole aliyezoea kukaa na watu wasiomjibu. Kwa wanawake wakatafutwa wauza barafu, wakafika kwangu. Waliponitazama nikashika goti. Ndipo wakamtazama mjukuu wangu, Sikudhani.

Huyu nimemlea tangu hajaota meno. Ana miaka ishirini, mabega mapana kama ya marehemu mama yake, mikono mirefu, na hana haraka na kitu. Mimi humwita mke mwenzangu, naye hunijibu kwamba babu alinioa mimi kwa sababu tu yeye alikuwa hajazaliwa.

"Simama mlangoni," Waziri akamwambia.

Sikudhani akasimama kwenye mlango wangu wa mbele. Mlango ukajaa.

"Huyu ndiye golikipa! Hata upepo haupiti!"

"Shikamoo mheshimiwa," Sikudhani akasema, "lakini mchezo wenyewe siujui."

"Marahaba. Huna haja ya kuujua. Wewe zuia."

Walipoondoka akanigeukia. "Bibi, umeona? Nimeajiriwa kazi ya mlango."

"Kaa hapo hapo basi, mke mwenzangu," nikamwambia, "unanizibia jua."

Tulicheka. Nalitaja hilo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho tulipocheka bila kutazama dirishani kwanza.

*

Hapa inabidi nieleze Redio, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Kwetu kuna Sheria ya Sauti. Ni fupi, hata mimi wa darasa la saba naikumbuka yote. Redio ya Taifa haikosei. Ikisema jambo, jambo limekwisha kutokea. Na kama halijatokea, ofisi inayohusika itahakikisha limetokea kabla ya taarifa inayofuata. Redio iliposema mvua imenyesha Bondeni, magari ya zimamoto yalikwenda kuwanyeshea watu wa Bondeni, nao wakashukuru na kupanda mahindi. Iliposema katibu wa bandari amefariki, kumbe aliyefariki ni katibu wa bendi, yule wa bandari alifika makaburini mwenyewe amevaa suti, akatoa hotuba fupi ya kushukuru kwa ushirikiano, akaingia.

Mtangazaji alikuwa Bwana Lugome, mwenye sauti laini kama asali iliyopashwa moto. Kila jioni, baada ya hali ya hewa, alisoma waliofungwa. Fulani amefungwa mitano. Fulani amefungwa kumi. Hakusema kwa nini, na sisi hatukuuliza. Tukisikia jina la jirani, tulipeleka kwao sukari na sabuni, maana ndivyo vitu vinavyoruhusiwa kuingia kule, tukavua viatu, tukaketi kimya kama msibani. Kisha gari jeupe la Idara ya Makazi ya Lazima, ambayo zamani iliitwa magereza, likaja bila kupiga honi.

Sasa timu ya wanaume ikasafiri kwenda kwenye mashindano ya dunia, huko kwenye theluji. Ilicheza mechi moja. Jioni hiyo tulikaa kibarazani kwa Mama Chausiku, jirani yangu mwenye redio ya betri. Bwana Lugome akasoma hali ya hewa, joto na joto. Kisha akasema, kwa furaha aliyoagizwa:

"Katika mpira wa magongo wa barafuni, timu yetu ya taifa ya wanaume imeingia uwanjani kwa ushujaa mkubwa, na imefungwa kumi na saba."

Mama Chausiku akashika kichwa. "Kumi na saba! Goli walikuwa wameliacha wazi kama mdomo wa wifi yangu, au?"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika kimoja kimoja, kuanzia nyuma, maana kila mtu alikumbuka kwamba habari ile ilisomwa baada ya hali ya hewa.

Mzee mmoja akasimama. Akaenda dukani kununua sukari.

*

Afande Kibwe wa Makazi ya Lazima ni kijana wa mtaani kwetu. Alianza kununua barafu zangu akiwa na kaptula, na mpaka leo akipita huniamkia kwa kuinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyetumwa uwanja wa ndege, na yeye ndiye aliyenisimulia.

Ofisini kwao kulikuwa na mjadala. Timu imefungwa kumi na saba. Kumi na saba nini? Haiwezi kuwa miaka, walisema, kwa sababu timu si mtu, haina umri wa kukatwa. Basi ni watu. Wakapeleka gari lenye viti kumi na saba.

Ndege ilipotua, waliteremka wachezaji kumi na wanne. Waliobaki walikuwa wamepotea kwenye theluji, kwa hiari yao. Wa kwanza kuteremka alikuwa Bwana Chiduo, golikipa, naye alinyoosha mikono mwenyewe kabla hajaambiwa. Afande Kibwe akahesabu, akahesabu tena, akatazama huku na huku. Akamchukua mpiga tarumbeta wa bendi ya mapokezi. Akamchukua mfagiaji wa uwanja. Akamchukua na abiria mmoja aliyekuwa amekuja kwenye harusi ya dada yake, akiwa bado ameshika zawadi ya sufuria.

"Kibwe, mwanangu," nikamwambia, "huyo wa harusi hata barafu hajaikanyaga."

"Bibi, hesabu ni hesabu. Redio imesema kumi na saba. Nikipeleka kumi na wanne, hao watatu wanaopungua watakuwa akina nani? Mimi, mke wangu, na shemeji yangu."

Waziri Mwinyigogo akaita waandishi. Alisema tusitazame safu moja ya jedwali kwa macho ya uadui. Zipo safu nyingine. "Katika dakika za adhabu," alisema na sauti ikamtetemeka kwa fahari, "nchi yetu imeongoza dunia nzima! Hakuna taifa lililoadhibiwa kama sisi!" Wakampigia makofi mpaka akakaa.

*

Baada ya wiki chache soko la samaki likaanza kunuka mpaka Ikulu, kwa kuwa wapakuzi wote walikuwa wamefungwa. Ndipo Wizara ikatoa ufafanuzi, ikauita Ufafanuzi wa Huruma. Si haki timu nzima ifungwe, ulisema. Kwa kawaida ya mchezo anayefungwa ni golikipa. Basi kuanzia sasa atafungwa golikipa peke yake, na kipimo kitakuwa mwaka kwa bao. Wale kumi na saba hawakuhusika, kwa sababu huruma haitazami nyuma.

Katika ufafanuzi huo huo, mstari wa chini, ilitangazwa kwamba mashindano ya wanawake yatafanyika hapa kwetu, na timu tatu za nchi za theluji zimekubali kuja.

Nilimwendea Bwana Lugome. Nilimkuta nje ya kituo cha Redio akila muhogo wa kuchoma, mtu mwembamba kuliko sauti yake.

"Baba," nikamwambia, "Kiswahili ni kipana. Huwezi kusema tu kwamba timu imeshindwa?"

Akatazama kushoto na kulia. "Bibi, neno kushindwa limepigwa marufuku tangu ule mwaka wa mavuno. Nchi yetu haishindwi. Nimebakiwa na kufungwa."

"Sema basi wageni wamepata mabao kadhaa, yetu hayakupatikana."

"Kutopatikana nako kumepigwa marufuku. Tangu sukari." Akanimegea kipande cha muhogo. "Mwambie azuie, bibi. Mimi nikiona kitu nakiita jina lake. Sina ujanja mwingine."

Jumatatu yake Afande Kibwe akabisha hodi, ana utepe wa fundi shingoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo sina barafu, unajua friji limekufa."

"Sikujia barafu. Nimekuja kuchukua vipimo tu." Akamwelekea Sikudhani. "Dada, inua mikono kidogo. Nguo za kule zinashonwa mapema, ukichelewa unapewa ya marehemu."

"Mashindano hayajaanza!" nikasema.

"Ndiyo maana nimekuja mapema, bibi. Nimekupendelea."

Sikudhani akainua mikono. Kibwe akampima kifua, akampima kiuno, akaandika kwenye kiganja.

"Niache nafasi ya kunenepa?" akauliza.

"Kwa sukari na sabuni?" Sikudhani akamjibu. "Nitanenepa kwa povu."

Kibwe akacheka, kisha akaona haya, akainama na kumpima urefu wa mguu.

*

Mechi ya kwanza nilikaa safu ya mbele, blanketi mabegani na mfuko mapajani. Ndani ya mfuko kilo ya sukari na miche ya sabuni. Wenzangu wa Mtaa wa Birika nao kila mmoja alikuja na mfuko wake. Ukumbi mzima ulikuwa unanuka sabuni ya kufulia.

Mle ndani pumzi zilitoka vinywani kama moshi, na wengi wetu hatukuwahi kuona pumzi zetu. Tulizitazama kwa mashaka, hatukujua kama zinaruhusiwa.

Wasichana wa kwetu waliingia wakishikana viuno, maana viatu vile vina visu chini, na mtu akitikisika mmoja wanaanguka wote. Sikudhani alijikokota mpaka golini akaushika mwamba. Wageni wakaingia kama upepo. Alikuwepo mmoja mrefu sana, nywele nyeupe kama katani, ambaye mtaa ulimwita Mrefu kabla hajagusa kisahani.

Yeye ndiye aliyefunga la kwanza. Akainua gongo juu, akageukia watazamaji kushangilia, akakuta watu wanalia.

La pili, la tatu. Kila kisahani kilipopita niliona mke mwenzangu anazeeka: ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. La nne lilimpiga begani likaingia. La tano sikuliangalia. La sita lilipoingia Mama Chausiku alinishika mkono akasema polepole, "Ishirini na sita, shoga yangu. Bado anazaa. Bado." Nami nikashukuru kwa hilo, kwa sababu ulikuwa wakati wa kushukuru kwa vidogo.

Mechi ilipokwisha Mrefu alivua kofia, akateleza mpaka kwa Sikudhani, akamvuta mkalimani kwa ukosi. Sikusikia walichosema. Niliona tu Sikudhani akimwonyesha vidole sita, kisha akikutanisha vifundo vya mikono kama mtu aliyetiwa pingu. Mrefu alisimama palepale mpaka wenzake wakaja kumchukua, na alipoondoka aliteleza vibaya, kama mmoja wetu.

Timu tatu za wageni zililala bweni moja. Siku iliyofuata, timu ya pili ilipocheza nasi, ilionyesha mchezo ambao nadhani haujawahi kuonekana duniani. Walipiga mbao. Walipiga kioo. Walipiga saa ya ukutani. Msichana mmoja alibaki na Sikudhani ana kwa ana, akapiga chafya, akakipa kisahani mgongo. Mwingine alimpiga Waziri. Matokeo yakawa hakuna kwa hakuna. Timu ya tatu ikafanya hivyo hivyo, kwa bidii kubwa zaidi, na saa ya ukutani ikaanguka.

Waziri, bandeji kichwani, akatangaza kwamba katika mashindano yenye timu nne, nchi yetu imeingia nne bora.

Lakini yale sita yalibaki sita. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa nje likingoja sherehe za kufunga ziishe.

*

Hizo sherehe za kufunga ndizo zilizoleta balaa, na balaa lililetwa na neno.

Mwaliko ulisema Mheshimiwa Mlezi wa Taifa atafunga mashindano. Kila nchi mgeni rasmi hufunga mashindano. Husema machache, watu wakaenda nyumbani. Lakini maofisa wa itifaki Ikulu waliusoma mwaliko wakaona neno kufunga, na mashindano ni ya mabao. Wakaamua kwamba Mheshimiwa atafunga kweli. Na atakayefungwa ni nani? Mgeni asingeruhusiwa kumkaribia Mheshimiwa akiwa na gongo mkononi na visu miguuni. Basi golini akae Sikudhani.

Afande Kibwe alikuja kuniambia mwenyewe, hakukaa.

"Likiingia, bibi, ni mwaka wa saba."

"Na akilizuia?"

Akavua kofia. "Kumzuia Mheshimiwa hakuna hesabu, bibi. Hilo hatuna hata gari lake."

Sikudhani alikuwa ananisuka. Vidole vyake havikusimama. "Wa saba basi," akasema. "Bibi, inamisha kichwa, umeuacha mstari umepinda."

Siku ya sherehe Waziri alimfundisha mbele ya watu wote: "Mheshimiwa akiinua gongo, wewe utaanguka upande wa kushoto. Kwa heshima. Usianguke kama mtu aliyekufa, anguka kama mtu aliyeridhika."

Mheshimiwa aliingia kwenye kiti kilichofungwa mbao chini, kinasukumwa na majenerali wawili waliovaa viatu vya visu na nyuso za kuomba. Alikuwa amevaa jezi yetu ya taifa, imemkaa vizuri. Mrefu na wenzake walipangwa pembeni. Ukumbi ukanyamaza hata mashine za baridi zikasikika. Bwana Lugome alikuwa kwenye kibanda chake cha kioo, akitangaza moja kwa moja nchi nzima.

Mheshimiwa akainua gongo. Mke mwenzangu akaanguka kushoto, kwa heshima. Goli likabaki wazi.

Kisahani kilikwenda polepole. Kilikwenda kama mzee anayekwenda kuchukua pensheni. Kilikaribia mstari, kikafikiri, kikavuka.

Tukapiga makofi. Bendi ikapiga, ikiwa haina tarumbeta. Na juu ya makofi yote ikasikika ile sauti ya asali, ya mtu ambaye akiona kitu hukiita jina lake. Maana jezi ya Mheshimiwa ilikuwa yetu, na goli lilikuwa letu.

"Naam! Mheshimiwa Mlezi wa Taifa amejifunga! Amejifunga moja!"

Makofi yalikatika kama yamekatwa kisu. Kila mtu alikuwa amesikia. Mikoani walikuwa wamesikia. Nilimtazama Bwana Lugome kwenye kioo; alikuwa anatabasamu, au yalikuwa meno tu, sijui.

Afande Kibwe aliingia kwenye barafu na viatu vyake vya kazi. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, akafika kwenye kiti kwa magoti. Utepe ulikuwa shingoni.

"Shikamoo Mheshimiwa," akasema, na meno yanagongana. "Nimekuja… nimekuja kuchukua vipimo tu."

Hakuna aliyepumua. Tulijua kwa sababu hakukuwa na moshi.

Waziri Mwinyigogo akateleza mpaka sikioni kwa Mheshimiwa, akanong'ona kwa muda mrefu. Uso wa Mheshimiwa ulianza kama wa mtu aliyeumwa na nge, ukaishia kama wa mtu aliyeletewa chai. Akaomba kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Sauti haikosei. Mimi, Mlezi wenu, nimefungwa." Akangoja tulie, tukalia. "Lakini mlezi hawezi kukaa pahali, na anaowalea wakakaa pengine. Hayo si malezi. Kwa hiyo sitakwenda gerezani. Gereza litakuja kwangu. Kuanzia saa hii, nchi yote, kutoka mpaka hadi mpaka, ni Makazi ya Lazima. Na kwa kuwa ninyi mmefungwa, ila mimi nimejifunga, mwenye kujifunga ndiye hukaa na funguo."

Tukapiga makofi. Nami nilipiga, mfuko wa sukari ukaanguka, ikamwagika yote juu ya barafu, na haikuonekana.

*

Nisiseme mabaya tu. Gereza la zamani lilifunguliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu Wizara iliona ni upuuzi kuwa na gereza ndani ya gereza. Bwana Chiduo na wapakuzi wa samaki walirudi makwao. Mpiga tarumbeta alirudi akipiga. Yule wa harusi alifika kwa dada yake na sufuria yake, akakuta mapacha.

Na mke mwenzangu alirudi nyumbani. Miaka yake sita anaitumikia hapa hapa, jikoni kwangu. Mrefu naye yuko kwetu, maana nchi sasa ina ukuta wa gereza, na ndege haziruki juu yake. Ananiita bibi, amejifunza kukuna nazi, na akitazama kaskazini hatumsemeshi.

Bwana Lugome sijamwona tena. Redio ilisema haijawahi kuwa na mtangazaji wa jina hilo, kwa hiyo haijawahi. Mke wake aliondolewa pete kidoleni na ofisi inayohusika.

Wiki iliyopita Afande Kibwe alibisha hodi. Amekonda; anapita nyumba kwa nyumba, nchi nzima, na utepe ni ule ule mmoja.

"Shikamoo bibi. Inua mikono kidogo."

Nikainua. "Kibwe, mwanangu, nikuulize. Redio ilisema Mheshimiwa amejifunga moja. Ni moja nini?"

"Mwaka, bibi. Ufafanuzi unasema mwaka kwa bao."

"Mwaka ungekuwa mmoja. Hata darasa la pili wanajua. Alisema moja. Moja ni siku, au ni karne."

Utepe ukasimama kiunoni kwangu. Aliwaza kwa muda, midomo ikicheza, siku moja, karne moja, kisha akatazama nje, kwenye barabara isiyo na gari.

"Siku moja ilishapita, bibi," akasema.

Nilimuuliza kama hakuna wa kwenda kuulizwa, akasema aliyesema neno lile hajawahi kuzaliwa. Akaandika kiuno changu kwenye kiganja, akanikumbusha kwamba nguo za wazee zina mfuko wa dawa, akaaga kwa adabu.

Jioni Mama Chausiku alifungulia redio, maana siku hizi kuizima nako kumefafanuliwa. Sauti mpya ikasoma hali ya hewa. Sikudhani akaacha alichokuwa akikifanya, akaenda akasimama kwenye mlango wangu wa mbele, uso nje, mikono mirefu ameiegemeza huku na huku. Mlango ukajaa kama siku ile. Upepo haukupita. Joto halikupita.

Sauti ikapita.